Jina la Shangazi Kwenye Jiwe

Ukitaka kumuudhi Patasi, mwambie asahau. Mwambie tu, kwa upole wako wote, dada, achana nayo, hayo ni mambo ya zamani. Ataweka nyundo chini, atavua miwani, atakutazama mpaka ujute kwa nini ulijifunza kusema. Waliowahi kumwambia hawarudii.

Huyu ni mwanamke wa makamo, mfupi, mkavu, mikono imekakamaa kuliko ya wanaume wengi, na kazi yake ni kuchonga majina kwenye mawe ya makaburi. Karakana yake iko nyuma ya duka la vioo: kibanda cha mabati, meza nzito ya mbao, mawe yamesimamishwa ukutani yakingoja zamu, na vumbi jeupe lililojipenyeza kila mahali, kwenye nyusi, kwenye redio, mpaka kwenye chai. Kazi alifundishwa na mumewe, na mume alipofariki watu walidhani atafunga mlango. Alifunga siku za msiba tu. Jiwe la kwanza alilochonga peke yake lilikuwa la huyo huyo mumewe, na aliyeziona zile herufi hakuuliza tena kama mwanamke anaweza. Jina la Patasi alipewa na wachimba makaburi, likamganda.

Pale kwake kuna sheria moja ambayo hata ulie machozi ya damu haipindi: jina halichongwi bila cheti. Tarehe ya kuzaliwa, lete cheti cha kuzaliwa. Tarehe ya kufa, lete cheti cha kifo. Ukitaka aandike "mke wa" au "mume wa", lete cheti cha ndoa, la sivyo marehemu atalala mseja. Si jeuri. Zamani, alipokuwa bado mgeni wa kazi, alichonga kwa maneno matupu ya mjane, na siku ya kuchukua jiwe akatokea mama mkwe na mwaka wake mwingine, wakavutana pale pale karakanani mpaka jiwe likaanguka, likapasuka katikati. Toka hapo anawaambia wateja, kwenye karatasi utafuta, kwenye jiwe utafutaje? Wateja wananung'unika, wanamwita mwanamke wa serikali, kisha wanakwenda kupanga foleni ofisi ya usajili.

Sasa tuje kwenye kidonda.

Baba yake alikuwa dereva wa malori, mtu wa safari na vicheko, aliyefiwa na mke wa kwanza akabaki na mtoto wa kiume. Baadaye akamwoa mama yake Patasi. Waliishi kwenye nyumba ya wazazi wa baba, nyumba kubwa yenye baraza la sakafu nyekundu, pamoja na dada yake wa pekee, ambaye Patasi alimwita Shangazi kwa heshima zote, kama mtoto aliyelelewa akaleleka. Shangazi hakumpenda wifi yake hata siku moja. Alimwona amekuja kugawana naye kaka, jiko na nyumba. Lakini kaka akiwa hai, Shangazi aliuma meno akanyamaza.

Baba alipokufa, Patasi alikuwa bado binti wa shule. Sebule ilifurika ndugu, watu wamekaa mpaka kwenye mikono ya makochi. Shangazi akasimama katikati, funguo za nyumba mkononi, akasema bila kumung'unya maneno: "Mwanamke huyu hakuolewa hapa. Alikuja na tumbo lake, kaka yangu akamwonea huruma. Mtoto si damu yetu."

Mama akasema alifunga ndoa, na cheti kiko kwenye kabati la marehemu. Kabati likafunguliwa. Aliyelifungua ni Shangazi mwenyewe, kwa funguo zake mwenyewe, na cheti hakikuwemo. Jamani, mnashangaa? Ndugu wakatazamana, wakakohoa. Kaka yake Patasi, yule mtoto wa mke wa kwanza, alikuwa kijana mkubwa wa kutosha kusema neno, lakini aliinamia vidole vyake vya miguu kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Mama na mtoto wakatoka mchana kweupe, godoro kwenye mkokoteni wa kuazima, majirani wamejipanga barazani kwao wanakodoa macho.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya soko, akifua nguo za watu. Hakuwa mtu wa kulalamika, ila kuna kitu kilimkatika ndani. Alikwepa harusi, alikwepa misiba, alikwepa hata njia inayopita karibu na nyumba ile, asije akakutana na mtu wa kumwita hawara. Alipokuwa mahututi neno lake lilikuwa moja tu. Niliolewa mimi, mwanangu. Niliolewa.

Alipokata roho, Patasi akaenda kuomba azikwe kwenye eneo la ukoo, ubavuni mwa mumewe. Shangazi hakumkaribisha hata ndani. Alimjibu akiwa ameshika komeo la mlango kwamba eneo lile ni la damu, si la wapita njia. Mama akazikwa kule mwisho wa makaburi, karibu na uzio, wanakotupa maua makavu. Patasi akatupia udongo wake, akapangusa mikono, akala yamini pale pale. Iko siku atamtoa yule mwanamke kwenye ukoo kama alivyowatoa wao: mbele ya watu, mchana, asiwe na pa kuficha uso.

Kuapa ni rahisi. Alipokwenda kutafuta cheti cha ndoa ya wazazi wake alipigwa danadana. Walimtaka tarehe ya ndoa, hakuwa nayo. Walimtaka barua ya familia, na familia ilikuwa mfukoni mwa Shangazi. Akarudi karakanani akaendelea kuchonga majina ya watu wengine. Ila ile chuki hakuitupa. Aliitunza kama anavyotunza vyombo vyake vya kazi, na kila alipopita karibu na ule uzio aliinoa kidogo.

Basi bwana, asubuhi moja, nani anaingia karakanani? Kaka yake. Alikuwa amenenepa, anauza vipuri vya magari, anahema hata akiwa amesimama. Akamkumbatia dada yake kana kwamba walionana jana. Akasema familia imeamua kuweka jiwe moja kubwa pale makaburini, jiwe la ukoo, babu na bibi juu, watoto wao chini, na yeye kaona kazi ya nyumbani ibaki nyumbani. Ila yeye kaka hakumwambia Shangazi fundi ni nani, maana mnajuana wenyewe. Akacheka peke yake, akakunjua karatasi iliyoandikwa na Shangazi kwa mkono wake, na sahihi chini.

Patasi akaisoma. Babu. Bibi. Baba yake, na pembeni "mume wa", jina la yule mke wa kwanza, basi. Mama yake hakuwemo. Halafu chini kabisa, jina la Shangazi mwenyewe na tarehe yake ya kuzaliwa, na mbele yake nafasi tupu. Shangazi alitaka jina lake lichongwe kabisa, na hiyo nafasi ijazwe siku yake itakapofika. Alishajitengea mahali pa kulala, katikati ya wazazi wake.

Damu ikampanda Patasi mpaka masikioni. Mama yake hana hata mstari, na huyu amejiandikia jiwe kabla hajafa! Kwa hasira ile angeweza kumtoa kaka yake nje na karatasi yake. Badala yake akampa kiti, akampa chai yenye vumbi, akamwambia kwa sauti ya biashara kwamba kazi anaipokea, ila sheria ya pale anaijua. Kaka akajikuna kisogo. Vyeti vya wazee, nani anajua viko wapi? Patasi akasema isiwe tabu, aandike barua tu kwamba familia inamruhusu kupekua kumbukumbu za ukoo mzima, za kuzaliwa, za ndoa na za vifo, atakwenda mwenyewe. Kaka akaandika hapo hapo juu ya goti, akatia sahihi, akaondoka akipiga mluzi, mzigo umemtoka.

Ofisi ya usajili iko chini ya jengo lenye ngazi zilizolika katikati. Kuna benchi refu la kungojea, kuna dirisha lenye nondo, na nyuma ya nondo rafu za madaftari makubwa, migongo imebanduka, kila moja na mwaka wake. Karani alikuwa bwana mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na chafya zisizoisha kwa sababu ya vumbi la madaftari. Patasi na vumbi ni marafiki wa siku nyingi, akamwazima kitambaa cha kujifunga puani, na kuanzia hapo wakaelewana kama watu waliokulia nyumba moja. Akaruhusiwa kupita upande wa ndani.

Walianza na baba. Kuzaliwa kwake, kupo. Ndoa ya kwanza, ipo. Kifo cha mke wa kwanza, kipo. Kuanzia kifo kile karani akafungua madaftari ya ndoa, mwaka baada ya mwaka, akishusha kidole taratibu, mpaka kidole kikasimama. Jina la baba. Jina la mama. Ndoa halali yenye namba yake na muhuri wake, iliyotangulia kuzaliwa kwa Patasi kwa zaidi ya mwaka.

Patasi alisoma, akasoma tena, akashika ukingo wa meza. Mama yangu, alisema moyoni, mama yangu, si ulisema. Kisha macho yakashuka kwa mashahidi. Shahidi wa bwana harusi alikuwa dada yake. Sahihi ya Shangazi, ile ile yenye mkia mrefu aliyoiona kwenye karatasi ya jiwe, imejikalia pale haina habari.

Kumbe alikuwepo! Alishuhudia, akatia mkono wake, akala na kunywa, halafu akasimama sebuleni mbele ya maiti ya kaka yake akasema hakuna ndoa. Miaka yote ile Patasi alikuwa bado na labda zake. Labda hakujua, labda naye alidanganywa na watu. Labda zote zikafa siku ile. Akaomba nakala yenye muhuri, akaikunja, akaiweka kifuani.

Angeweza kuishia hapo. Mama amesafishwa, nini tena? Lakini alikuwa na desturi yake ya kazi, na kwenye jiwe la ukoo haiachi: hutafuta watoto waliokufa wadogo. Familia huwasahau, kisha jiwe likishasimama, bibi mmoja anaangua kilio kwamba mbona mwanawe hayumo. Kwa hiyo alimwomba karani wapitie vifo vya watoto wa babu na bibi, miaka ile ambayo bibi alikuwa bado anazaa. Karani akapiga chafya, akapanda ngazi ya rafu, akashusha madaftari ya vifo.

Wakamkuta mtoto mmoja wa kike. Alikufa kwa homa akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Wazazi ni babu na bibi. Na jina lilikuwa jina la Shangazi.

Patasi akadhani labda Shangazi alizaliwa baadaye akarithishwa jina. Lakini tarehe ya kuzaliwa ya yule marehemu ilikuwa ile ile ambayo Shangazi ameiandika kwenye karatasi ya jiwe. Karani akarudi kwenye madaftari ya vizazi, akatafuta mbele, akatafuta nyuma. Mtoto wa kike wa wazazi wale aliandikishwa mmoja tu, na huyo alikwishakufa.

Karani hakushangaa sana. Alisema zamani watu walifanya hivyo kila siku. Mtoto akifa, cheti chake cha kuzaliwa hakirudishwi. Akija mtoto mwingine asiye na karatasi, anapewa jina la marehemu na cheti cha marehemu, safari ya ofisini inaokolewa. Wako watu wazima wanaotembea na vyeti vya ndugu zao waliozikwa, na hawajui. Kinachomtatiza yeye, akasema, ni huyo mtoto wa pili. Angezaliwa na bibi hospitalini, kuzaliwa kwake kungeandikwa. Sasa alitoka wapi?

Hapo Patasi akakumbuka utani wa nyumbani, kwamba Shangazi alichelewa kila kitu. Meno alichelewa, kutembea alichelewa, shuleni alikuwa mdogo kuliko wenzake wote wa umri wake. Kumbe mwili haukuchelewa, karatasi ndiyo iliyotangulia. Patasi akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka karani akamuuliza kama yuko salama. Alikuwa salama kuliko siku zote za maisha yake.

Kwenye daftari, aliyepeleka taarifa ya kifo cha yule mtoto alikuwa mkunga wa wodi ya wazazi. Karani alimfahamu. Bado yuko hai, mzee sana, anaishi kwa mjukuu wake nyuma ya hospitali ya zamani. Patasi hakwenda hata nyumbani kubadilisha nguo.

Mkunga alikuwa amekaa kitandani, mdogo kama mtoto, blanketi mpaka kidevuni, sikio moja limekufa na la pili linachagua la kusikia. Patasi alipojitambulisha kuwa mjukuu wa yule bibi, mzee akamshika mkono hakuuachia, akamsimulia yote bila kuulizwa mara mbili. Bibi alikuwa amezika binti yake siku si nyingi, maziwa bado yanamtoka, nguo zinalowa kifuani. Siku hizo mwanamke mmoja mpita njia alijifungua wodini, asubuhi akaonekana hayupo, mtoto ameachwa. Mkunga akamwita bibi aje amnyonyeshe kale katoto kwa siku mbili tatu, mpaka watu wa kituo cha yatima waje. Walipokuja, bibi alikaa juu ya kitanda na mtoto wake mapajani, akakataa kuinuka.

"Akaniambia, huyu haendi popote," mkunga alisema. "Akasema, hawa wengine nilipewa tu na Mungu. Huyu nimemchagua mwenyewe."

Mzee akavuta pumzi. Akasema bibi alimwapisha asiseme kwa mtu, isipokuwa siku moja huyo binti akija kujua kwamba hakuzaliwa na yeye, basi aambiwe neno hilo, lisipungue. Yeye sasa hawezi hata kufika mlangoni. Patasi akifika kwa shangazi yake, amfikishie. Patasi akaitikia ndiyo, bibi, nitamfikishia. Akamvutia blanketi vizuri, akamuaga kwa heshima.

Njia nzima alikuwa anatembea huku anacheka na kusema peke yake. Eneo la damu! Yule aliyewafukuza kwa sababu ya damu hana hata tone la damu ile. Mtu ameokotwa wodini, akaja kuwaita wenzake wapita njia! Patasi alisema siku hiyo hakuna chakula kilichokuwa kitamu kama kile alichokula akiwaza uso wa Shangazi.

Jiwe alilichonga kwa mkono wake mwanzo mpaka mwisho, hakumruhusu mtu kuligusa hata kwa msasa. Babu na bibi juu, kama walivyotaka. Baba yake chini, "mume wa", na majina ya wake wawili, wa kwanza na wa pili, herufi zenye kimo kimoja. Jina la mama yake alilichonga polepole kuliko yote, akalipuliza vumbi kwa mdomo, akalijaza rangi nyeusi kwa brashi ndogo. Kisha akafika mstari wa mwisho. Jina, tarehe ya kuzaliwa, na ile nafasi tupu. Akaijaza. Tarehe ilikuwa kwenye daftari, cheti cha kifo alichopewa na karani kipo mezani, sheria ya karakana haikuvunjwa hata kidogo. Siku iliyofuata wakalisimamisha makaburini yeye na vibarua wake, wakalifunika turubai, wakalifunga kamba.

Siku ya kulifunua ndugu walikuja wamependeza, viti vya plastiki vimepangwa, watoto wanakatazwa kukanyaga makaburi. Shangazi alikaa mbele kabisa, wanawe pembeni yake, mzee mnene mwenye mgongo ulionyooka, anapokea salamu kama mwenye shughuli. Patasi alisimama nyuma, karibu na mti, na nguo zake za kazi. Waliomwona walidhani ni kibarua. Kaka akasema maneno mawili matatu kuhusu umoja wa ukoo, akafungua kamba, akavuta turubai, na kwa kuwa yeye ndiye mwanamume mkubwa akaanza kusoma kwa sauti ili wazee wasioona nao wasikie.

Alisoma babu. Alisoma bibi. Kwa baba yake alipofika kwenye jina la mke wa pili sauti ikayumba, ndugu wakageukiana, Shangazi akainua shingo. Kaka, kwa kutojua la kufanya, akaendelea. Akasoma jina la Shangazi, akasoma alizaliwa lini. Akasoma alifariki lini. Ndipo masikio yake yalipousikia mdomo wake.

Mke wa binamu mmoja akacheka, akadhani fundi amelewa. Shangazi akasimama.

"Mimi mzima nimesimama hapa, nani kaniandika maiti?"

Patasi akatoka kule nyuma. Watu wakampisha bila kuambiwa. Shangazi alipomtambua, uso ulimbadilika, akamuuliza nani kamwita mahali hapa. Patasi akasema ameitwa na kazi yake. Akatoa karatasi kifuani moja moja, akampa kaka yake azisome, maana alitaka zisomwe na mdomo wa familia. Ya kwanza ilikuwa ndoa. Kaka akasoma jina la bwana harusi, jina la bibi harusi, jina la shahidi. Patasi akamwomba amwonyeshe Shangazi sahihi, amuulize kama anaijua. Shangazi hakuitazama. Wazee waliokuwemo sebuleni siku ile, wale wale waliokohoa, wakaanza kukohoa tena.

Kisha kaka akasoma cheti cha kifo cha mtoto.

"Sijakuandika wewe, Shangazi," Patasi akasema. "Nimemwandika binti wa bibi. Alikufa mdogo. Wewe walikuokota wodini, ukapewa cheti chake."

Akaeleza yote waziwazi, mkunga, mwanamke aliyetoroka, kituo cha yatima. Akaeleza kwa sauti ya kutosha mpaka viti vya nyuma. Neno moja tu hakulitoa, lile la bibi. Kila alipomaliza sentensi alimtazama Shangazi, akitaka aone anavyokatika, na kweli alikatika. Kwanza alisema ni uongo. Halafu akageukia ndugu, akitafuta hata mmoja wa kusema ni uongo pamoja naye. Hakumpata. Wanawe walikuwa wanasoma jiwe. Kaka yake Patasi, yule yule bingwa wa kuinamia vidole vyake, safari hii alipata ulimi: akasema itabidi wakae waangalie upya mambo ya nyumba, na huyu mama ataelezwa. Huyu mama! Asubuhi alikuwa Shangazi.

Ndugu wakaondoka makundi makundi, wakinong'ona kwa utamu wote wa watu waliopata habari. Mwenye gari alikumbuka ana haraka. Mwenye mtoto alikumbuka mtoto ana njaa. Shangazi akabaki kwenye kiti chake cha mbele, mikono mapajani, na Patasi akabaki anakusanya vitu vyake, hana haraka. Miaka yote aliyangoja haya, na msimwonee huruma mkadhani yalipofika yalimchukiza. Yalimnogea.

"Mama alijua?" Shangazi akauliza.

Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa ya yule mwanamke wa funguo. Hakuuliza habari ya nyumba. Hakuuliza atazikwa wapi. Alikuwa anauliza kuhusu yule aliyemnyonyesha, kama alipomwita mwanangu alikuwa anajua anamwita nani, na Patasi, aliyewahi kuwa na mama, alilielewa swali mpaka mwisho wake. Jibu alikuwa nalo. Alikabidhiwa lote.

"Alijua," akasema.

Akangoja aone neno linavyoingia. Likaingia. Shangazi alifumba macho, kichwa kikashuka, na mgongo ule ambao haukuwahi kupinda mbele ya mtu ukapinda. Patasi akakunja turubai, akalibeba begani, akaenda zake.

Shangazi bado yu hai. Nyumba hawakumnyang'anya yote, walimwachia chumba cha nyuma. Kila baada ya muda humtuma mtu karakanani, kwa adabu kabisa, kumuuliza fundi kama yule mkunga, ambaye sasa ni marehemu, hakusema jambo jingine lolote kuhusu mama. Patasi hupuliza vumbi kwenye herufi anayoichonga, na hujibu kwamba hakusema.